X3 au Q5

Wahakiki wa magari wana tabia ambayo wahakiki wa vitabu wameiacha: wanapima. Hakuna "riwaya inagusa" kwao. Kuna milimita na lita. Mwezi huu nimewasoma hao kuliko riwaya yoyote, kwa sababu dada yangu kaniagiza.

Dada ni muuguzi. Amedunduliza miaka 12, na sasa anataka gari moja kati ya mawili, yote mtumba wa Japani: BMW X3 ya kizazi cha pili, au Audi Q5 ya kizazi cha kwanza. "Mdogo wangu, wewe si ndiye msomaji? Soma, uniambie." Kwa nini asichukue Toyota kama watu? Mama mkwe wake kauliza, mafundi wameuliza, na mie nikauliza. Akasema miaka yote hiyo amenunua kinachofaa. Safari hii ananunua anachokitaka. Nikanyamaza.

Basi nikaanza na vipimo, nikacheka peke yangu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, X3 ni milimita 2810, Q5 ni 2807. Milimita tatu! Buti, lita 550 kwa 540. Injini za petroli za lita mbili, cc 1997 na 1984. Foo-wili, zote kwa kawaida zinapeleka nguvu zaidi nyuma kuliko mbele. Munich na Ingolstadt haziachani hata kilomita 100, na ni kama washairi wawili wa mtaa mmoja waliopewa bahari ileile na vina vilevile. Tofauti utaisikia kwenye sauti tu. (Ingawa huyo BMW "Mjerumani" wetu, kizazi hiki kiliundwa Spartanburg, Marekani. Aliyetoka Ingolstadt kweli ni Q5.)

Sauti, basi. Fundi mmoja wa Gerezani aliniambia Q5 ni gari ya kukaa, X3 ni gari ya kuendesha. Nimezipanda zote mbili, hajakosea. Ndani ya Q5 kila kitufe kimewekwa na mtu aliyefikiri mara mbili. X3 inakuambia barabara ikoje, hata kama hukuuliza.

Lakini Q5 nyingi za miaka ya mwanzo zina giaboksi ya klachi mbili, gia 7. Barabara ikiwa wazi, ni raha tupu. Kwenye foleni ya Mwenge, ya kusogea hatua mbili na kusimama, klachi zinashika na kuachia asubuhi nzima na kupata joto. Tena giaboksi hiyo inataka oili na chujio kwa wakati wake, na gari la mtumba haliji na shajara ya maisha yake. Za baadaye, katika masoko mengi, zilipata giaboksi ya kawaida ya gia 8 kama X3. Hizo bei yake inapanda.

Kilichoniamulia mimi, hata hivyo, ni tairi. X3 nyingi zinakuja na ranfleti, zile zenye ukuta mgumu ambazo zikiisha upepo bado unaweza kwenda kama kilomita 80 polepole, na kwa hiyo hazina spea tairi. Mafundi wanazichukia. Ngumu kwenye matuta, ghali, na ukishaitembelea haina upepo, mara nyingi ni ya kutupa. Wote wanashauri kuzing'oa na kuweka za kawaida.

Wote ni wanaume, nikafikiri. Dada anatoka zamu saa nane usiku. Kutoka lami hadi kwake Goba ni vumbi, mashimo, na sehemu ndefu isiyo na taa. Q5 mara nyingi ina kitairi chake cha akiba, ndiyo, lakini kitairi hakijifungi chenyewe. Mtu lazima ashuke, apige magoti, aelekeze mgongo gizani. X3 haimtaki ashuke. Atafika nyumbani taratibu, afunge geti, alale, na pancha ni neno la kesho.

Nimemwambia X3, mradi ranfleti zibaki. Nimemtumia na bei ya tairi moja, atenge za mbili kabla hajafikiria rangi. Sasa wanabishana na mumewe, anayeipenda Q5 kwa ajili ya viti.