Siku Moja katika Nyumba za Mimea za Epcot

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za bustani kubwa za maonyesho zilizoko Marekani, ambazo watu huzijia kutoka pande zote za dunia ili kujifurahisha. Wengi hudhani kwamba yaliyomo ni mambo ya watoto tu: magari ya mbio, vinyago vinavyocheza, na fataki usiku. Ni kweli, hayo yamo. Lakini katika bustani moja iitwayo Epcot, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, yamo pia mashamba yaliyo ndani ya nyumba, chini ya mapaa yapitishayo nuru ya jua, na humo hata mkulima wa jembe la mkono aweza kupata fundisho. Twataka kueleza tuliyoyaona huko, na jinsi yalivyotusaidia kukata shauri moja la nyumbani kwetu.

Kwanza yafaa kujua asili ya mahali penyewe. Bwana Walt Disney, mtengenezaji mashuhuri wa sinema za katuni, alikusudia kujenga hapo mji wa kweli, wenye watu wakaao na kufanya kazi, ili uwe mfano wa miji ya siku zijazo. Akafa mwezi wa Desemba 1966 kabla ya kuujenga. Waliomfuata waliona shida kuuendesha mji wa namna hiyo, basi wakaigeuza nia yake ikawa bustani ya maonyesho, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Tangu siku hiyo lipo jengo moja liitwalo The Land, maana yake Ardhi, na ndani yake zimo nyumba za mimea. Mtaalamu Carl Hodges na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona ndio waliosaidia kuzibuni. Watu wa Arizona hukaa katika nchi ya jangwa, nao wanajua thamani ya tone la maji.

Sisi ni mume na mke, walimu tuliostaafu, na kwetu ni milimani Lushoto. Mwezi wa Februari 2018 tulikwenda Florida kumtazama binti yetu, naye akatupa zawadi ya siku moja ya kutembelea Epcot. Lakini hatukwenda na mioyo mitupu. Kabla hatujaondoka nyumbani, mpwa wetu alikuwa ametujia na shauri lake. Yeye hulima nyanya, na tangu mwaka 2014, yule mdudu mpya ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze alipoingia nchini, matenga yake ya nyanya yamekuwa yakipungua. Alituomba tutoe kiinua mgongo chetu tumjengee nyumba kubwa ya nailoni ya kulimia nyanya, akisema kwamba mdudu hataingia wala mvua haitaharibu. Mume alikuwa ameelekea kukubali. Mke alikataa, kwa kuwa fedha ile ndiyo iliyokuwa nguzo ya uzee wetu. Tulikuwa tumeacha neno hilo bila kulimaliza, nalo lilisafiri nasi mpaka Marekani.

Siku ile watu wengi walikuwa wamepanga mstari katika jengo lile kungojea viti viwainuavyo mbele ya picha kubwa, hata mtu akajiona kama ndege arukaye. Sisi tulilipa ada tukajiunga na kikundi kidogo cha watu waliotaka kutembezwa kwa miguu ndani ya nyumba za mimea. Kiongozi wetu alikuwa binti kijana aliyesomea kilimo. Karibu nasi mashua zilipita polepole katika mfereji, zikichukua wageni wengine, nao wakatupungia mikono.

Tuliingia kwanza katika nyumba ya mimea ya nchi za joto. Tukakuta migomba, mipapai, mikakao, mpunga, mafenesi, na muhogo. Tulipouona muhogo tulicheka sana, kwa maana tumevuka bahari tukaja kuonyeshwa muhogo! Hata hivyo muhogo nao ni mgeni kwetu: asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Mtama, uliokuwa karibu yake, ndio wa kwetu hasa. Mimea pia husafiri kama watu, na mwisho hupata wenyeji.

Toka hapo tulipita penye matangi ya samaki, wakiwamo wa jamii ya perege, kisha tukafika kwenye mambo ya ajabu zaidi. Mimea mingi pale haikui katika udongo. Mingine hukua katika mchanga, ikapewa maji yaliyotiwa mbolea kwa kipimo. Saladi zilipandwa katika mifereji iliyoinama kidogo, na maji membamba kama utando yakipita chini ya mizizi yake. Mingine ilining'inizwa juu, mizizi i wazi, ikazungushwa kwa mtambo; kila ilipopita mahali fulani mizizi ilinyunyiziwa maji yenye chakula, na yaliyobaki yakakusanywa yatumike tena. Matango na mabiringanya yalipandishwa juu kwa kamba kama mizabibu. Na mtu akitaka boga lenye umbo la kichwa cha yule panya wa Disney, hulitia kalibuni lingali changa, nalo hukua likaijaza.

Juu ya wadudu tuliuliza maswali mengi kuliko wenzetu. Tuliambiwa kwamba hawategemei sana sumu. Hufuga wadudu wazuri wawale wabaya: manyigu wadogo mno, ambao hutaga mayai katika miili ya wadudu waharibifu, na wale wadudu wa mviringo wenye rangi nyekundu na madoadoa meusi. Wageni walipewa wadudu hao wekundu katika vichupa wawaachilie wenyewe juu ya majani. Lakini kwa kuwa nyumba imefungwa, nyuki hawamo, na maua mengine hayana budi kupakwa unga wa uzazi kwa mkono wa mtu. Mke akamnong'oneza mumewe, “Mwalimu, wasikia? Ukimfungia mlango mwizi, umemfungia na rafiki. Kazi ya rafiki utaifanya wewe.”

Kisha tukaelezwa habari za mnyanya wao mashuhuri. Mnyanya mmoja uliopandwa humo, ukatandazwa juu ya kichanja kama mti, ulizaa nyanya 32,194 katika muda wa mwaka mmoja hivi, toka Mei 2005 hata Aprili 2006, na uzito wake wote ulipita kilo 522. Jambo hili limeandikwa katika kitabu cha Guinness cha mambo yasiyo na kifani. Mume alimtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini walimu hawaachi hesabu ipite hivi hivi. Tulikaa kwenye benchi tukatoa kalamu. Kilo 522 kwa siku 360 ni karibu kilo moja na nusu kwa siku. Tenga likiwa la kilo 40, mnyanya ule wa ajabu ulitoa matenga 13 kwa mwaka, na ili uyatoe ulihitaji paa, mitambo, umeme, maji yaliyopimwa, na watu wenye elimu wa kuutazama kila siku. Basi tukamrudia yule binti tukamwuliza, “Mama, je, mimea hii ingeweza kulipia nyumba hii yenyewe?” Hakuficha. Alisema kwamba kazi ya nyumba zile ni kufundisha na kuonyesha, na mazao yake hupikiwa wageni wa bustani. Yeye hajawahi kuambiwa kwamba saladi ndizo zilipazo umeme. Hapo tulielewa. Nyumba ile hulishwa na ada za mlangoni. Mpwa wetu hana mlango wa kutoza ada.

Njiani, katika motokaa ya binti yetu, tulizungumza kwa muda mrefu. Mume alisema kwamba ni aibu kuona elimu na kurudi mikono mitupu. Mke alijibu kwamba elimu si paa. Tukaanza kutenga vitu: ni vipi katika vile tulivyoviona vinavyotaka fedha nyingi, na ni vipi vinavyotaka uangalifu tu? Kupima maji, kukagua majani kila asubuhi, kuikinga miche ingali midogo, kuandika kila kitu: hivyo vyote havihitaji mtambo. Tena tulikumbuka kwamba nyumba ya nailoni ikijengwa juu ya udongo wenye ugonjwa wa mnyauko, na nyanya zikapandwa hapo hapo msimu baada ya msimu, ugonjwa huzidi. Paa haliuzuii, kwa kuwa umo chini.

Hivyo, tuliporudi nyumbani, tulimpa mpwa wetu sehemu ndogo tu ya fedha ile. Alinunua chandarua chenye matundu madogo cha kufunika kitalu cha miche, mapipa mawili, na mipira ya kudondoshea maji. Tulimwekea sharti asipande nyanya mahali palipotoka nyanya, viazi mviringo au biringanya, ambazo zote ni ukoo mmoja na huambukizana. Na tulimpa daftari. Alinuna, wala hatumlaumu; kijana aliyeota jumba hafurahii chandarua. Lakini msimu uliofuata alituletea daftari limejaa tarehe na hesabu za miche iliyokufa na iliyopona, na iliyopona ilikuwa mingi. Hatusemi kwamba amekuwa tajiri, wala kwamba kantangaze amekwisha. Twasema kwamba sasa anajua hasara yake inatoka wapi. Wazee walinena, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala hatuzibezi nyumba za mimea. Wako watu wenye soko la hakika, maji, na elimu, ambao zinawafaa. Neno letu ni hili: mtu akionyeshwa jambo la ajabu, asiulize tu, “Lagharimu kiasi gani?” Aulize pia, “Ni nani alilipiaye kila siku?” Akiisha kupata jibu, achague humo kile ambacho mkono wake mwenyewe waweza kukishika hata msimu wa pili na wa tatu.