Farumi

Nilipokuwa na umri wa miaka 11, nilisafiri na mjomba katika boti yake ya mashine. Tulipokwisha kupakua mpunga bandarini Nyamisati, Kibiti, boti ilielea juu juu kama kifuu cha nazi, ikayumba kwa kila wimbi. Mjomba akaniagiza nijaze mchanga katika magunia 6, kila moja kilo 50. Uzito huo, uitwao farumi, tuliulaza chini kabisa, katikati ya boti. Mimi nilitaka kuurundika nyuma, maana ndiko kulikokuwa karibu! Boti ikazama kidogo, ikatulia.

Njiani nilitazama nyuma, nikaona mawimbi makubwa yakitufuata. Boti nzito husukuma kando maji mengi zaidi: zile kilo 300 za mchanga zilisukuma yapata lita 300.

Penye kijito chembamba kati ya mikoko, mzee mmoja alikuwa akivua katika mtumbwi. Mjomba alipunguza mwendo, lakini mawimbi yalikwisha kututoka. Yaliupiga mtumbwi ubavuni, ukajaa maji nusu. Tulirudi, tukamwomba radhi, tukamsaidia kuyatoa maji kwa kata. Samaki wake walikuwa wamekwisha kurudi mtoni.