Sauti ya Pili ya Mwanjelwa

Tulikwenda Mbeya tumenuniana. Tukakutana na watu wawili, gitaa moja na beseni la plastiki.

Asikudanganye mtu, baridi ya Mbeya mwezi wa saba si ya kitoto. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mlima Loleza umeuangalia kutoka juu, na sisi watoto wa Dar tunateremka kwenye basi na vishati vya mikono mifupi kana kwamba tumekwenda ufukweni. Mume wangu alikuwa na semina ya siku tatu. Mimi sikualikwa, nilijialika.

Msomaji wangu, nikwambie ukweli: tulikuwa hatuongei. Wala si kugombana, bora hata tungegombana. Wiki mbili kabla ya safari aliona kwenye simu yangu meseji ya kukumbusha rejesho la mkopo. Mkopo wenyewe alikuwa haujui. Nilimkopea mdogo wangu ada ya chuo. Na mimi katika kujitetea nikamuuliza habari za kiwanja cha Kigamboni alichokuwa anakilipia kimyakimya. Miaka minne ya ndoa, wote wasomi, wote tuna mishahara, na kila mmoja ana kibubu chake kakificha. Zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar, mmoja anaangalia dirisha, mwingine anajifanya kasinzia.

TWENDE SOKONI

Siku ya pili semina ilikwisha mapema, tukachukua bajaji hadi Mwanjelwa kutafuta masweta. Kama unapenda mtumba, hapa ndipo nyumbani. Nguo zimetundikwa, zimelundikwa, zinaitwa kwa sauti. Pembeni kuna mchele wa Kyela, viazi vya Uporoto, ndizi na maparachichi ya Rungwe. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo hapo, malori yanahema, na ukitega sikio utasikia Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, na Kiswahili chenye lafudhi ya watu wa ng'ambo ya mpaka. Si unajua tena, Tunduma iko upande huu na Kasumulu upande ule.

Soko lenyewe limepitia mengi. Desemba 2006 liliungua, mitaji ya watu ya miaka mingi ikageuka majivu. Baadaye likajengwa upya, jengo kubwa la kisasa. Lakini biashara ya Mwanjelwa haijui kukaa ndani ya kuta. Inamwagika mpaka barabarani.

Ni hapo nje, kati ya muuza viatu na muuza karanga, tulipowasikia.

Baba wa miaka hamsini na kitu, koti kubwa, gitaa lililobanduka rangi. Mama wa umri kama huo, kitenge kimefungwa juu ya sweta, mkononi chupa ya soda ile yenye mikunjo, anaikwaruza kwa kijiko. Hakuna spika, hakuna maikrofoni. Baba anaimba sauti ya kwanza, mama anaingia na ya pili chini yake, taratibu, hamzidi wala hapotei. Wimbo ulikuwa wa kijana aliyekwenda migodini Zambia akaandika barua ambazo hazikufika. Mume wangu, ambaye babu yake alifanya kazi Copperbelt, akasimama. Sweta likasahaulika.

KAZI INA MAHESABU YAKE

Walipopumzika nikawaamkia, nikajitambulisha. Majina waliomba yasiandikwe, nami naheshimu. Lakini kuhusu kazi walifunguka.

"Asubuhi hatuji," alisema mama. "Muuza duka hajapata hela ya kufungulia, wewe unampigia kelele, atakufukuza tu. Sisi tunaanza saa tisa, watu wakianza kurudi makwao."

Hawakai sehemu moja zaidi ya saa mbili. Kabla ya kupiga wanaomba ruhusa kwa mwenye kibaraza, na wakimaliza wanamnunulia chochote, hata karanga. Uzi mwembamba wa gitaa ukikatika na duka limefungwa, baba anachomoa waya mmoja kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli, anaunyoosha, maisha yanaendelea. Mwishoni mwa 2021, wamachinga walipohamishwa kutoka kando ya barabara katika miji mingi nchini, wao pia ilibidi wahame. Si kwamba kuna aliyewaambia, ila wateja ndio walihama. "Muziki wa mtaani unafuata miguu ya watu," baba alisema.

Usidhani ni kazi ya kubahatisha. Ina ukoo mrefu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana akipiga gitaa mtaani Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, na upigaji wake wa vidole, pamoja na nyimbo zake za Kiswahili, ulisikika mpaka Nairobi. Ile chupa ya soda nayo ilikuwa ngoma ya rekodi nyingi za gitaa kavu za Kenya. Na ukivuka Kasumulu tu, Malawi, kuna Madalitso Band. Wawili tu: Yosefe Kalekeni na gitaa la nyuzi nne, mguu ukipiga ngoma, na Yobu Maligwa na babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja ya kutengeneza kwa mikono. Walianzia mitaani Lilongwe. Mwaka 2017 walipanda jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar, na 2019 wakatoa albamu ya Wasalala na kuzunguka Ulaya. Vyombo vilevile, watu walewale wawili.

Nilipowasimulia haya, baba akacheka. "Sisi Ulaya yetu ni Kabwe," alisema, akimaanisha kituo cha daladala hapo jirani.

BESENI

Sasa njoo kwenye kilichonifanya niandike makala hii.

Giza lilipoanza kuingia, mama alitandika kanga juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwaga beseni. Sarafu za mia, za mia mbili, za mia tano, noti chache. Wakahesabu kwa sauti, wote wawili, mmoja akitaja, mwingine akirudia. Kisha mama akatoa simu ndogo, akasoma meseji za waliotuma kwa simu, baba akiangalia kioo. Siku ile ilifika shilingi 23,400. Wakagawa mafungu matatu: la baba, la mama, na la tatu wanaliita la gitaa. La gitaa ndilo linalonunua nyuzi, nauli, na dawa ya kifua mmoja akipoteza sauti. Fungu hilo anakaa nalo mama wiki hii, baba wiki ijayo.

Mume wangu, ambaye siku mbili nzima alikuwa anaongea kwa "sawa" na "haya", akauliza: "Baba, samahani. Mkigombana inakuwaje? Maana mke na mume, kazi moja, hela moja."

Wakatazamana. Mama ndiye aliyejibu.

"Mwanangu, sisi si mke na mume. Tulikuwa. Tumeachana mwaka wa tisa huu."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lakini wao wala hawakuona haya. Walianza kuimba pamoja kwenye kwaya ya kanisa wakiwa vijana, wakaoana, wakazaa watatu. Baba alikuwa na kibarua, hela akiziweka mwenyewe, hasemi ngapi. Mama alikuwa anauza vitumbua, naye akawa anaficha faida kwenye debe la unga. Siku baba alipouza ng'ombe bila kusema, na mama akagundulika ana deni la kikundi, nyumba ikavunjika. Miezi sita hawakusalimiana. Kisha baba akajaribu kupiga mtaani peke yake.

"Nikawa naimba, nafika pale ambapo yeye anaingia, pako wazi," alisema. "Watu wanapita tu. Nikamtafuta."

Mama alikubali kwa sharti moja: hela ihesabiwe hapo hapo, mbele ya wote, kila siku. Na kama asubuhi walikwaruzana, haihesabiwi mpaka wayamalize.

"Sasa mbona msirudiane?" nilimuuliza, mdomo ukiwa umenitangulia.

Mama akakunja kanga polepole. "Dada, mimi sasa nina nyumba yangu, na yeye ana mwenzake. Yale yamepita. Ila siku nyingine tukihesabu hapa, nawaza: tungehesabu hivi nyumbani, tungekuwa bado pamoja."

Baba hakusema kitu. Alikuwa analegeza nyuzi za gitaa zisikaze na baridi ya usiku.

USIKU HUO

Tulirudi gesti bila sweta. Hatukuwasha televisheni. Mume wangu alikaa kitandani na koti lake, akatoa simu, akafungua salio, akaiweka juu ya blanketi katikati yetu. Nami nikaweka ya kwangu. Nikamwambia deni lililobaki: milioni moja na laki nne. Akaniambia kiwanja bado hakijakwisha, na kwamba alikuwa anaogopa ningemwona mjinga ikiwa ametapeliwa.

Nisikudanganye kwamba tulimaliza yote kwa usiku mmoja. Alikasirika, nikalia, saa nane usiku tukaanza upya. Lakini tulihesabu kwa sauti, mmoja akitaja, mwingine akirudia. Na tangu siku ile, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, tunahesabu. Fungu la tatu tunaliita la gitaa, ingawa hakuna kati yetu anayejua kupiga hata uzi mmoja.

Msomaji, ukienda Mbeya, beba koti zito, na ukifika Mwanjelwa baada ya saa tisa alasiri, tembea polepole. Ukisikia chupa inakwaruzwa, simama, sikiliza wimbo wote mpaka mwisho, kisha weka chochote kwenye beseni. Ukiweza, iwe sarafu, maana inalia inapoanguka na wote wawili wanaisikia. Halafu ukirudi ulikofikia, muulize mwenzio swali moja tu: sisi yetu tunahesabu lini?