Ufalme Uliolindwa na Mvua

Nikisema hapa Kigali kwamba kwetu ni Rusizi, wenzangu hutaja Ziwa Kivu, mchele wa Bugarama na mpaka wa Kongo. Bukunzi haitajwi. Ulikuwa ufalme mdogo wa kusini-magharibi mwa Rwanda, karibu na msitu wa Nyungwe, wenye mwami wake mwenyewe, sawa na jirani yake Busozo. Kinachonishangaza ni kwamba ulidumu ubavuni mwa dola iliyoimeza Gisaka katika karne ya 19, na Gisaka haikuwa nyonge. Bukunzi haikutegemea mikuki. Mwami wake alisifika kwa kuleta mvua, na wafalme wa Rwanda wenyewe walimpelekea zawadi. Nani ampige vita anayeishika mvua?

Wabelgiji hawakuwa na haja na mvua hiyo. Walitaka kodi, machifu watiifu na ramani isiyo na matundu. Mwami Ndagano alifariki mwaka 1923, na kilichofuata ni askari. Mwaka 1925 Nyirandakunze, mama mfalme, aliuawa na ufalme ukavunjwa. Busozo ilifuata muda mfupi baadaye.

Wapo wanaoona kuzitaja falme hizi ni kuchokonoa umoja wa nchi. Sikubaliani nao. Bibi yangu ana kitambulisho cha Mnyarwanda kama mimi, na bado, akienda kwao, husema anakwenda Bukunzi.