Riale ya Nyanya

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Yangu mimi ni fedha: riale ya Maria Theresa niliyorithishwa na marehemu nyanya, sarafu ya gramu 28 iliyoenea katika biashara ya Pwani ya Afrika Mashariki karne ya 19. Imeandikwa 1780, mwaka ambao haukubadilishwa hata katika riale zilizotengenezwa baadaye. Ami yangu ashikilia kuwa tuipeleke kwa sonara, isuguliwe iwe nyeupe pe, kisha iuzwe.

Nimekataa katakata. Salfa iliyo hewani huungana na fedha ikafanya utandu mwembamba mno. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utandu hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na hapo huzaliwa manjano, wekundu na buluu. Fedha iliyomo katika utandu huo ni ya sarafu yenyewe. Anayeusugua huiambua ngozi yake. Ndiyo maana wakusanyaji wa sarafu aghalabu huipunguzia thamani sarafu iliyosuguliwa.

Ili kumshawishi ami, niliipiga picha. Ilipoelekezwa mbali na taa ilikuwa kijivu tupu. Nilipoiinamisha kidogo ili mwanga urudi kwenye kamera, ukingo wake uliwaka buluu. Ami aliitazama picha kwa muda, akauliza, "Mama aliwahi kuiona hivi?" Sikuwa na jibu.

Hajakubali bado. Hata hivyo, riale ingali sandukuni mwangu, na picha ile ingali katika simu yake.