Dakika Ishirini za Kusoma Kimya

Kiswahili cha Bujumbura huingia kwa sikio kabla ya jicho. Tunakisikia Buyenzi, sokoni, redioni na kwa madereva wa malori yatokayo Tanzania. Sikio ni mwalimu mwema, lakini halifundishi kila kitu. Sisi tuliolelewa katika Kirundi, ambamo sauti za l na r hazitenganishi maana, huweza kutamka kura na kula bila tofauti, na mahali pakageuka mahari. Anayetusikiliza hutabasamu, akatuelewa, mazungumzo yakaendelea. Tofauti hiyo tunaiona waziwazi pale tu tunaposoma.

Ndiyo sababu katika shule ninayofundisha hapa Kinanira nimetenga dakika 20 kila Ijumaa, ili kila mwanafunzi asome kimya, peke yake, kitabu alichokichagua mwenyewe. Baadhi ya walimu wenzangu huuliza kama huko si kupoteza kipindi. Swali lao ni la haki, kwa maana kitabu kilichofunguliwa si ushahidi kwamba kinasomwa. Ukimya wa darasa waweza kuwa wa wasomaji, waweza pia kuwa wa wasinziao. Kinachotofautisha ni utaratibu.

Kwanza, kitabu kimfae msomaji. Mwanafunzi hufungua ukurasa mmoja na kukunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho hukirudisha, akachukua chepesi zaidi. Si aibu kuanza na Hekaya za Abunuwasi na kumfikia Shaaban Robert baadaye.

Pili, vitabu vyetu ni vichache kuliko wanafunzi. Wawili wenye kasi inayolingana hukaa na kitabu kimoja; wengine husoma makala za magazeti nilizobandika kwenye karatasi ngumu.

Tatu, mwalimu naye husoma. Nikisahihisha madaftari wakati huo, nitakuwa nimewafundisha kwamba kusoma ni adhabu ya watoto.

Nne, hakuna mtihani. Kila mmoja huandika sentensi mbili tu: jambo alilolipata, na swali ambalo angemwuliza mhusika au mwandishi.

Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kubwa. Mwaka jana msichana mmoja, asiyesema sana darasani, aliandika hivi kuhusu mzee wa hadithi aliyoisoma: “Kwa nini alitia kidole kwenye karatasi asiyoijua?” Niliusoma mstari huo kwa sauti, na kipindi kilichosalia kikawa chake. Mwenzake akasimulia jinsi babu yake alivyotia kidole kwenye hati, akiambiwa kuwa ni ya mkopo, kumbe ilikuwa ya kuuza shamba. Darasa zima likanyamaza.

Hapo ndipo somo la lugha linapokutana na somo la uraia. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya hiyo inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Utakayevuka mpaka kutafuta kazi au kufanya biashara utakutana na Kiswahili katika mikataba, stakabadhi na matangazo, wala si katika salamu peke yake. Asiyezoea kusoma mwenyewe atasomewa daima, na anayesomewa hupata yale tu ambayo msomaji amependa kumpa.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Jioni ya leo tafuta karatasi yoyote ya Kiswahili iliyopo nyumbani, hata iwe maelezo ya dawa au tangazo. Isome kimya hadi mstari wa mwisho. Pigia mstari maneno usiyoyajua, kisha andika swali moja kuhusu ulichosoma, umpelekee mwalimu wako kesho asubuhi.