Paneli ya Juu Isidanganye

Raskazone, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Picha ulizonitumia kwa simu nimezitazama zote. Ile ya paneli ya juu ya simuleta yako ya ndege nimeikuza kwa vidole nikaikagua pembe kwa pembe. Fremu umeikata vizuri, na maandishi kwenye vibao vya plastiki yamechongwa safi. Sasa unauliza uanzie wapi kuunga waya. Sikutaka kukujibu kwa ujumbe mfupi, maana umesema mwenyewe kwamba unakusudia kwenda kusomea urubani, na mikono yako itaanza kujifunza ndege kwenye paneli hiyo kabla hujakaa kwenye ndege yoyote.

Wajua kwamba nilifanya kazi ya umeme wa ndege siku zile shirika letu lilipokuwa na Boeing 737-200. Wewe unajenga ya 737-800. Ni ndege mbili za zama mbalimbali, lakini fundi au rubani aliyezoea ile ya kale, akiinua kichwa ndani ya hii mpya, hapotei. Mafuta yako kushoto, umeme unafuata, kisha vizuia barafu na pampu za haidroli, na hewa ya kabini iko upande wa kulia. Hata 737 MAX imebaki na sura hiyo kwa sehemu kubwa. Boeing waliushikilia mpangilio huo ili rubani abadili ndege bila kulazimika kubadili mazoea. Kwa hiyo usihamishe hata swichi moja kwa sababu tu nafasi ya nyuma imekubana.

Neno langu kubwa kwako ni moja: paneli hiyo isidanganye. Taa ikiwaka, iwe imewashwa na jambo lililotokea kweli ndani ya ndege yako ya kompyuta. Swichi ikiwa chini, kompyuta nayo ijue iko chini. Mengine yote nitakayokuandikia yanatoka hapo.

Chukua mfano huu. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya Helios Airways, Boeing 737-300, iliondoka Larnaca kwenda Athens. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wameipima hewa ya kabini, na kitasa cha kuchagua namna ya kuidhibiti kilibaki kwenye MAN, yaani kwa mkono, badala ya AUTO. Kitasa hicho kiko juu ya kichwa cha rubani, upande wa kulia, na kando yake kulikuwa na taa ya kijani inayosema MANUAL. Taa ilisema kweli. Hakuna aliyeisoma, wala kabla ya kuondoka wala baada ya kuruka. Ndege ilipopanda, hewa ikawa nyepesi ndani ya kabini, honi ikalia, na marubani wakadhani ni ile honi ya kuonya kwamba ndege haijawekwa sawa kwa kuruka, kwa kuwa mlio ulikuwa mmoja. Waliishia kuzungumza na mafundi wa chini kuhusu taa za kupoza vifaa, mpaka wakapoteza fahamu. Watu wote 121 walikufa. Baadaye 737 zikaongezewa taa mbili tofauti za kutenganisha maonyo hayo mawili.

Sikuandikii haya ili kukutisha. Nataka kile kibao kidogo cha hewa ya kabini, ambacho wajenzi wengi wa nyumbani hukiacha mwisho, au hubandika picha tu mahali pake, ukiunge kama unavyounga swichi za kuwasha injini. Kitasa kigeuke, taa ya kijani iwake, na wewe ujizoeze kuisoma kila safari.

Sasa tuje kwenye waya. Kabla ya kushika risasi na pasi ya kuchomea, chukua daftari kubwa. Andika kila swichi, kila nafasi ya kila kitasa, na kila taa, kisha mbele yake andika bodi, pini, rangi ya waya na namba ya waya. Namba hiyo ibandike kwenye ncha zote mbili za waya, si upande mmoja. Siku taa itakapokataa utakuwa umesimama umeinamisha shingo nyuma, mkono mmoja umeshika tochi, na nyuma ya paneli kutakuwa na nyaya zaidi ya mia mbili. Waya usio na namba utakukalisha usiku kucha. Kwenye ndege za kweli waya huchapwa namba yake kwa urefu wake wote, na hakuna fundi anayeuona huo kuwa usumbufu.

Kila kibao kiwe na plagi yake. Kibao cha mafuta kikiharibika, ukifungue, uchomoe plagi, ukishushe mezani. Usichomelee nyaya za kibao moja kwa moja kwenye bodi. Ukifanya hivyo paneli nzima inakuwa kitu kimoja kisichofunguka. Nyaya zifunge kwa mafungu, uache mkunjo wa ziada mahali pa bawaba, na ncha za nyuzinyuzi zivishe vikofia vya kubana kabla ya kuziingiza kwenye skrubu.

Naona umenunua Arduino Mega 2560. Ni bodi nzuri kwa kazi hii. Ina pini 54 za kidijitali na 16 za analogi, na programu ya MobiFlight, ambayo ni ya bure, inaizungumzisha na simuleta bila wewe kuandika msimbo. Ndani ya chipu yake mna rezista zinazoivuta kila pini juu hadi volti 5, kwa hiyo swichi haihitaji kupelekewa chanya kabisa. Upande mmoja uende kwenye pini yake, upande wa pili kwenye hasi ya pamoja. Hata waya wa swichi ukichubuka na kugusa fremu, huchomi kitu. Kompyuta itaona tu kana kwamba swichi imefungwa.

Ukihesabu nafasi zote utagundua bodi moja haitoshi, na hapo utashauriwa kutumia gridi: mistari minane kwa safu nane, ili pini 16 zisome swichi 64. Ni akili nzuri, lakini ina mtego, na mtego wenyewe ni uongo. Chukua swichi tatu zilizo kwenye pembe tatu za mstatili ndani ya gridi hiyo, zote zikiwa zimewashwa. Umeme utapata njia ya kuzunguka kupitia hizo tatu, na kompyuta itaiona ile ya pembe ya nne kuwa imewashwa nayo, ilhali hakuna aliyeigusa. Kwenye kibodi ya kompyuta jambo hili halisumbui sana kwa sababu vidole huachia vitufe upesi. Paneli ya juu ni kinyume chake. Pampu za mafuta, za haidroli, vipasha joto vya madirisha, vyote hukaa vimewashwa pamoja tangu kuondoka hadi kutua. Gridi bila dayodi itakupa swichi za mizimu kila safari. Basi kila swichi iwe na dayodi yake, 1N4148 inatosha na bei yake ni ndogo, zote zikitazama upande mmoja. Ukigeuza moja, swichi hiyo haitasomeka. Mimi kwa upande wangu ningenunua Mega ya pili na kuipa kila swichi pini yake. Ni waya mwingi zaidi, lakini hitilafu inatafutika.

Angalia pia aina ya swichi. Swichi za jenereta kwenye 737 zina springi: unazisukuma, kisha zinarudi katikati zenyewe. Ya kuwasha APU, ile injini ndogo ya mkiani, ikifikishwa START inarudi ON. Ukiweka hapo swichi ya kawaida inayobaki ulipoiacha, mkono wako utajifunza jambo ambalo ndege haifanyi, na mwalimu wako atapata kazi ya kukufundisha upya.

Kwenye taa, usiruhusu bodi ibebe mzigo wote. Pini moja ya Mega isitoe zaidi ya miliampea 20 kwa kazi ya kudumu, na chipu nzima isivuke 200. Taa ishirini za miliampea 10 tayari zimeijaza, na wewe una nyingi zaidi ya hizo. Ukibonyeza jaribio la taa zote ziwake kwa pamoja, ndipo utakapoijua kazi yako. Tumia MAX7219, chipu moja inaendesha taa 64, au ULN2803 ambayo inabeba mizigo minane. Taa unazoziunga bila chipu ya kupanga mkondo zipe rezista moja moja. Ya rangi ya kaharabu hula kama volti 2, kwenye volti 5 zinabaki 3, ukitaka miliampea 10 unahitaji omu 300, nunua 330. Ya buluu hula kama volti 3, weka 220.

Na hizo za buluu uzipe heshima yake. Taa ya vali ya mafuta ya injini huwaka kwa mwanga mkali vali inapokuwa njiani, au inapokataa kufuata ulichoiamuru. Vali ikishafunga vizuri, taa hubaki na mwanga hafifu. Vali ikifunguka, taa huzima. Taa moja inatoa habari tatu. Ukiiunga iwake na kuzima tu, umeiondolea habari iliyo muhimu kuliko zote, ile ya kwamba vali imekwama. MAX7219 hupunguza mwanga wa taa zake zote kwa pamoja, kwa hiyo hizi za vali zitoe humo. Kwenye paneli yako ziko tisa: nne za kufunga mafuta, moja ya kuvusha mafuta upande wa pili, mbili za kuzuia barafu kwenye injini na mbili za kwenye mabawa. Mega ina pini 15 zinazoweza kupunguza mwanga, kwa hiyo zinatosha na kubaki.

Vitasa vya kuwasha injini vina solenoidi ya kuvishikilia kwenye GRD, nafasi ya kuwashia ardhini, mpaka injini ifike takriban asilimia 56 ya N2, yaani kasi ya mhimili wake wa ndani, kisha vinaachia vyenyewe. Naona umezipata. Solenoidi ikikatiwa umeme hurudisha pigo la volti kubwa nyuma kwenye waya, na pigo hilo huua bodi. Weka dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Sevo za mishale, ya joto la APU na ya mwinuko wa kabini, zipe pawa saplai yao ya volti 5, maana zinaposhtuka huvuta mkondo ghafla na taa zote hupepesa. Hasi za pawa saplai zote ziungane, lakini mahali pamoja tu, kwa waya mnene.

Umeme wa ukutani, volti 230, usipande juu ya kichwa chako hata kidogo. Pawa saplai zote zikae chini, ndani ya boksi lenye athi, na juu ipande volti 5 na 12 pekee, kila tawi na fyuzi yake. Fremu uifunge kwa bolti zinazopenya mbao hadi upande wa pili. Skrubu za mbao usiziamini kubeba mzigo unaoning'inia juu ya mtu.

Jambo jingine ni hili. Unapowasha kompyuta, simuleta huanza na hali yake yenyewe, nayo paneli yako iko kama ulivyoiacha jana. Swichi ya betri ya paneli inaweza kuwa juu na ya ndani ya programu iko chini. Iamuru MobiFlight isome upya nafasi zote kabla hujaanza orodha ya ukaguzi, kila siku, bila kuruka.

Mama yako ameniambia anaona ni mchezo wa gharama. Nimemkumbusha dada yangu kwamba Edwin Link alijenga simuleta yake ya kwanza mwaka 1929, huko Binghamton, Marekani, ndani ya kiwanda cha vinanda cha familia yao, akitumia viriba vya upepo vya vinanda hivyohivyo. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likanunua sita, baada ya marubani wake kufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa. Amenyamaza, ila ameomba usichome moto nyumba, na hapo niko upande wake.

Anza na kibao cha mafuta peke yake. Kiunge, kijaribu kwa wiki nzima ya safari, ndipo uguse kingine. Dayodi na rezista utazipata Kariakoo, lakini zipime kwa mita kabla ya kuzichomelea. Kabla hujapeleka umeme kwenye kibao chochote, pima kama chanya na hasi hazijagusana, andika kipimo kwenye daftari, na ukurasa huo nipigie picha unitumie. Nitausoma, na nikiona shaka nitakupigia simu usiku huohuo. Usiwashe kabla sijakujibu.

Wasalaam,
Mjomba wako